Chambo cha Sabuni

Jumamosi Adjumani nzima inafua.
Mimi nafunga duka la dawa saa sita kamili,
nampakia mzee Tiondi nyuma ya pikipiki,
fimbo mbili za kuvulia zimelala mapajani mwake
kama bunduki za watu waliochoka na vita.

"Mnaenda kuuzia wapi?" anauliza Eberu wa chapati.
"Hatuuzi."
"Basi mna njaa?"
"Hatuna."
Anageuza chapati, ananikazia macho
kama mteja aliyelipa akasahau chenji.

Nimweleze vipi? Wiki nzima nahesabu vidonge,
kimoja asubuhi, viwili usiku.
Huku Zoka nahesabu viputo,
na nikikosea hakuna anayekufa.

Chambo chetu ni sabuni ya mche, ile ya buluu.
Kambare wa kijito hiki wanaipenda kuliko nyungunyungu.
Tiondi huikata kwa uzi, vipande kama meno ya mtoto,
kisha hunawa kwa makombo, taratibu,
hadi viwikoni.

Maji yana rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.
Juu, mbega anadondosha maganda.
Tunakaa.
Mguu wangu umekufa ganzi, siusogezi.

Halafu, mbali, msumeno.

Tiondi anainua kidole.
Miaka kumi na tisa aliendesha lori la magogo
kutoka huku mpaka Kampala,
usiku, taa zimezimwa.
"Mvule," anasema. "Mchanga bado."
Na kweli, baada ya muda ardhi inashtuka,
viputo vyangu vinatawanyika,
naanza kuhesabu upya.

Sijawahi kumuuliza alibeba mingapi.
Naye hajaniuliza
kuhusu zile chupa za dawa ya kikohozi
nilizobandua tarehe.

Mwanzi wake ukapinda ghafla!
Vuta, mzee, vuta, si hivyo, legeza,
akateleza, akakalia matope,
na kambare akatoka na masharubu ya inspekta,
povu la sabuni mdomoni.
Tulicheka mpaka mbega wakahama mti.

Magharibi nikasimama kibandani.
"Mmoja tu?" akasema Eberu. "Na petroli je?"
Nikampa. Chukua, wako.
Akamwinua kwa mashavu, akamnusa,
akatutazama mmoja mmoja, tope mpaka shingoni.
"Mbona huyu," akasema,
"ananuka siku ya kufua?"