Toleo la Saba Nukta Nne

Tartu, saa nane usiku. Theluji ya Machi
haijaamua kama ni maji.
Naandika orodha ya yaliyo mapya:

Mfumo sasa unawaka kwa sekunde tisa.
Kisakinishi kimejifunza Kivoro, lugha ya bibi yangu,
ambayo hakuwahi kuisoma popote
ila juu ya kaburi la mamaye.
Tumeondoa kiendeshi cha zile diski laini za mraba.
Hakuna aliyelia, isipokuwa Raivo,
aliyekiandika enzi ana nywele.

Halafu marekebisho. Mia mbili na kumi na sita.
Mengi ni viroboto vya juzi na jana,
tumevisaga kati ya kucha tukaendelea.
Lakini namba 3081 ina miaka kumi na moja.
Ingekuwa mtoto, ingekuwa darasa la tano
inadai baiskeli.

Aliileta Villem Kütt, mkutubi wa Valga,
mwenye kompyuta sita za msaada, rangi ya majivu:
"Ukizifunika zinalala. Ukizifunua haziamki."
Tukamwambia sasisha. Akasasisha.
Tukamwambia tuma kumbukumbu za mashine. Akatuma kurasa arobaini.
Tukanyamaza, kama wanavyonyamaza wadaiwa
mwenye duka akipita.
Kila mwaka, wiki moja baada ya toleo, neno moja:
Bado.

Mwezi uliopita Jimena, binti wa Córdoba, Argentina,
ambaye hatujawahi kuiona sura yake,
alikesha na mashine kama hizo, aliyoiokota jalalani,
akaona tulichokiruka miaka yote:
kiini kinaamka, na papo hapo kinaiuliza skrini,
Umeamkaje?
Skrini haijafumbua jicho. Haijibu.
Kiini kinahesabu: imekufa. Kinakwenda zake.

Kumbe. Nani hujibu salamu
akiwa bado anapapasa kandambili chini ya kitanda?

Jimena akaongeza mstari:
ngoja milisekunde arobaini.
Mstari mmoja tu. Kope haijashuka ikapanda.
Waliosema subira huvuta heri
hawakusema ni subira ya urefu gani;
mimi sasa ninao, kwa tarakimu.

Nikalitoa toleo alfajiri,
plau la theluji likikwaruza mtaa wa Riia.
Kisha nikamwandikia Villem, si kwa mashine, mimi mwenyewe:
Tuwie radhi kwa kuchelewa. Jaribu.

Siku tatu kimya. Nikawaza mabaya:
mtu wa umri wake, majira haya, barafu kwenye ngazi.
Siku ya nne:

"Nimefunika. Nimefunua. Imeamka.
Nimerudia mara ishirini, mke wangu shahidi.
Asante.
Sasa sauti haitoki."

Nikacheka peke yangu jikoni.
Nikafungua namba mpya, 9417.
Penye jina la mleta habari nikaandika Villem Kütt.
Penye uharaka
nikakuta mshale umesimama kwenye "chini",
mahali pake pa kila siku.
Nikausogeza.