Waya wa Mwisho

Sanduku limefika na basi la Jumanne,
jepesi kuliko mkate, pembe mbili za plastiki kichwani.
Dodo akalipokea kwa aproni kama yai la kuku wa jirani.
"Na waya wake uko wapi?"
Nikamwambia: hili halina waya.
Akaitazama mikono yangu,
akacheka hadi akaketi.

Miaka thelathini na minane nilikuwa mtu wa waya.
Nguzo mia mbili na sita, toka daraja la chini hadi kanisa la juu,
nilizipanda zote kwa vyuma vya miguuni,
Svaneti ikiwa theluji mpaka kiunoni, koleo likining'ata kwa baridi.
Maneno ya bonde zima yalipita vidoleni mwangu:
posa, bei ya ng'ombe, mwana asiyerudi jeshini.
Nilizijua habari kabla ya wenyewe, nikanyamaza.
Leo naambiwa sauti hujiendea tu,
kama harufu ya kitunguu.

Mjukuu wangu Nutsa ananiongoza kwa simu toka Thesaloniki.
"Babu, ligeuze, usome chini."
Herufi za sisimizi. Nikavaa miwani yangu, juu yake ya Dodo.
"Chomeka. Ngoja taa."
Nyekundu. Nyekundu.
Jicho la mtu aliyelazwa nje.
Kisha ikapepesa, ikatulia: kijani.

"Sasa lipe jina."
Nimewapa majina mbwa na ndama. Ruta je?
Dodo, toka jikoni: "Liite Mgeni.
Litakula umeme wetu na jembe halitashika."

"Na nywila, babu. Herufi kubwa, tarakimu, na alama."
Siku ya kuzaliwa nilikataa; kijiji kizima kinaijua.
Nikaandika nguzo ya mia moja kumi na saba,
niliyokuwa juu yake Dodo alipopiga yowe zizini
na Tsiala wetu akaingia duniani kabla sijashuka.
"Hiyo ni nini?" akauliza Nutsa.
Nguzo tu, mwanangu.

Sebuleni mistari mitatu. Mlangoni mmoja.
Chumba cha jiko, tunakoishi miezi yote ya theluji:
patupu.
Ni ukuta. Babu wa babu yangu aliujenga, dhiraa mbili unene,
jiwe juu ya jiwe, akiwahofia wenye visasi.
Risasi haikupita.
Waifai nayo ikarudi ilikotoka.

Nutsa akasema kuna vidude mjini, vinarusha upya.
Nikasema nipe kutwa.

Ghalani, kasha la bati. Koleo bado lina grisi yangu.
Keekee ya umeme ikaungua saa nne asubuhi;
nikaendelea na tindo.
Dodo akahamisha blanketi, akahamisha watakatifu ukutani,
matusi akayaacha palepale.
Alasiri mwanga ukachungulia, mdogo kama dengu.

Bachana wa jirani akaleta mita kumi za waya
na ruta yao ya zamani, pembe moja imevunjika.
Nutsa akaipanga kwa mbali. Sikuelewa kitu, nikaitikia.
Bachana hakutaka pesa. Alitaka nywila.
Nikampa, na sasa yuko juu ya ua wetu na simu yake,
miguu inaning'inia, theluji inamjaa kofiani.

Usiku, Tsiala.
Amemaliza kumwogesha mama wa watu huko Ugiriki,
ameketi jikoni kwao na nywele zimelowa.
Uso ukaganda, ukakatika, ukarudi.
Dodo hakumwuliza hali. Alimwambia bei ya jibini,
na kwamba baba yako ametoboa nyumba.

Mimi niko sakafuni, kando ya kitanda,
nimeubana waya kwa vidole viwili kama zamani.
Hausikiki chochote, najua.
Hata mtetemo.
Wanaongea tu huko juu, na mimi nimeushika.