Ukoko

Odera, mlinzi wa lango, alisema ni rangi tu:
fundi aliimwaga siku ile ya kupaka mabenchi.
Nikapiga magoti kwenye tope la Aprili,
City Park, upande wa makaburi,
penye gogo la mkuyu lililoanguka mwaka juzi
na kaunti ikalisahau. Heri ilivyosahau.

Nikaligeuza. Jongoo akajikunja.
Na huko chini, jua lisikofika,
doa limejitandaza, upana wa viganja viwili,
rangi ya chai ya maziwa iliyopoa,
ukingo mweupe, bado unatambaa.

Hana kofia. Hana shina.
Hana matamvua, hana vitundu
(nimetazama kwa lenzi mara tatu),
wala vile vimeno vya kuning'inia.
Kitabu changu kila ukurasa kinaanza na kofia.
Huyu kalala kifudifudi,
kaung'ang'ania mti
kama ukoko unavyong'ang'ania sufuria
wapishi wakishaondoka.

Nikamkwangua kwa ukucha, nikangoja.
Wapo wanaotoka damu ukiwakwangua.
Huyu, kimya.
Tone la potashi: akaiva rangi ya kahawa, polepole,
kama mtu aliyekumbuka tusi la jana.

Chiromo, saa tatu usiku. Mutheu ananipisha kiti.
Kwenye hadubini, nyuzi juu ya nyuzi,
na mbegu zake zimepinda kama korosho,
ndogo hivi kwamba pumzi yangu ni kimbunga.
Mutheu anasoma maswali ya kitabu cha ng'ambo:
"Je, umeota kwenye mwaloni?"
"Mwaloni mimi nimeuona kwenye Biblia."
"Je, theluji imeyeyuka?"
Tukacheka hadi bawabu akagonga mlango.

Kwa hiyo kwenye bahasha nimeandika nilichokijua:
gogo la mkuyu, upande wa chini, baada ya mvua,
laini, hatoi damu, harufu ya
(hapo nilinusa tena)
harufu ya kabati la nyanya yangu.
Jina: nikaacha nafasi,
ndefu kidogo, endapo litakuwa refu.

Asubuhi Odera ananisubiri langoni, kikombe mkononi.
"Haya daktari, ni rangi au si rangi?"
"Si rangi."
"Basi ni nini?"
Nikamwambia gogo linaliwa, taratibu, bila kelele,
na mlaji bado hajanitajia jina.
Akanywa chai yake, akafikiri.
"Usimwamshe," akasema. "Muache amalize."