Upungufu

Sahani ya mizani ya kiwanda cha chai,
niliyopewa siku ya kustaafu badala ya saa,
nimeitoboa matundu matatu, nikaitundika kwa waya
kwenye mparachichi nyuma ya jiko,
nikaijaza ulezi na alizeti.

Ndege wakaja. Chiriku kwanza, kwa mashaka,
kisha minana na kelele zao za mnada,
kisha tetere wawili waliokula wakiwa wameketi
kama wageni wa harusi waliotoka mbali.

Siku ya nne akaja kindi.

Hakupiga hodi. Alishuka waya kichwa chini,
mkia juu kama alama ya kuuliza,
akakaa katikati ya sahani, palepale
palipokaa majani ya chai miaka ishirini na sita,
akala. Ndege wakapanga foleni tawini.

Mimi ni karani. Sikurusha jiwe; nilifungua daftari.
Jumatatu: ulezi uliotolewa, gramu mia tano.
Walichokula ndege, kwa kukisia, mia moja.
Upungufu: mia nne.

Nikaupaka waya grisi ya trekta.
Aliteleza hadi kwenye chakula
haraka kuliko jana,
manyoya ya tumbo yaking'aa kama nywele za bwana harusi.
Nikakunja bati kama tarumbeta, nikauvisha waya:
aliruka kutoka paa la jiko.
Nikaisogeza sahani mbali na paa:
aliruka kutoka kamba ya nguo,
na shati langu la kanisani likaenda naye topeni.

Muuza mbegu mmoja pale Fort Portal
akaniambia: pilipili. Ndege hawausikii ukali wake,
wenye manyoya unawachoma.
Nikatwanga, nikachanganya kwa mkono,
nikafuta jasho, nikafuta jicho.
Nilipoweza kuona tena
jua lilikwisha kwenda nyuma ya Ruwenzori
na Kabasinguzi alikuwa amesimama mpakani
anacheka, mikono kiunoni.

"Araali," akaniita, kwa jina la heshima
ambalo kwetu hutangulia hata lawama,
"unapigana na nani?"

Mwizi, nikasema. Nikampa daftari.

Alilisoma polepole, kidole mstarini.
Miaka kumi na mitatu aliniletea kapu mgongoni
kabla ya saa nne, sketi imelowa hadi magotini.
"Mia nne," akasema.
"Wewe ulikuwa ukikata kilo mbili.
Kilo mbili za maji, kila kapu. Hata Februari,
majani yakilia mkononi kama karatasi."
Hakukasirika. Alisema kama mtu anayesoma mizani.
Kisha akarudi kwake; alikuwa na chungu motoni.

Ilikuwa amri ya kiwanda. Nilitaka kumwambia hivyo.
Ilikuwa amri. Kalamu ilikuwa yangu.

Usiku, jicho moja likiwa bado linachoma,
nilizidisha: kilo mbili, mara wanawake arobaini,
mara siku za mwaka ukitoa Jumapili.
Ukurasa uliisha kabla ya hesabu.

Asubuhi kindi alionja, akapiga chafya,
akajifuta pua kwa mikono miwili, akanitazama.
Nikamwaga ule ulezi wa pilipili, nikaosha sahani.
Nimempa jina pia: Apuuli.
(Okaali ni la mfalme, hata kwa mwizi hodari namna hii.)
Na mtu ukishamwita kwa jina lake la heshima
huwezi tena kumrushia kitu;
unabaki kumuuliza ameamkaje.

Ameamka vizuri. Anakula cha juu ya paa nilichomwekea,
kisha anarudi kula cha ndege.

Jana nilibeba debe la ulezi hadi kwa Kabasinguzi.
Sikuwa na maneno, nilikuwa na debe tu.
Aliliinua kwa mkono mmoja, akalining'iniza hewani,
akalisikiliza.
"Halijajaa," akasema,
akaingia nalo ndani.