Kuhesabu Karabai

Nilizaliwa na macho makubwa.
Wanawake wa Kitangiri walikuja kuyatazama,
wakasema, "Kwa macho haya,
zizi la baba yake halitatosha."
Mama akaniita Limi, jua,
na jua lenyewe sikulitaka:
nilificha uso kwapani mwake,
machozi yakitiririka bila kilio.

Ni nesi wa kliniki, Nkwimba,
aliyekuwa akipima uzito tu,
akaniacha nikining'inia kwenye mizani,
akasema, "Mama Limi, huu si uzuri.
Haya ni maji yaliyokosa njia."

Kisu cha Bugando kilinikuta na miezi saba.
Wakafungua kilango kwenye weupe wa jicho,
kidogo kuliko tundu la sindano.
La kulia lilishukuru.
La kushoto lilivumilia miaka sita,
kisha kovu likakiziba.
Mwili wa mtoto una haraka ya kupona,
na kwangu mimi
kupona ndiko kulikoharibu.
Wakafungua tena. Kikaziba tena.
Nilipofika darasa la nne
upande wa kushoto kulikuwa kumeshakuchwa.

Sasa nina miaka ishirini na saba.
Nashona sare za shule, Kirumba sokoni.
Uzi hunitungia Lusato, mwanafunzi wangu,
ambaye hajawahi kuuliza kwa nini nageuza shingo
kama kuku anayetafuta punje.

Kila Juni naweka kidevu kwenye chuma baridi.
"Kumi na nne," daktari husoma.
Mwaka jana kumi na sita.
Hasemi nimepona. Neno hilo hanalo.
Husema, "Bado kinapitisha,"
kama fundi bomba aliyechuchumaa mferejini.
Kisha chumba cha giza:
bonyeza, dada, kila ukiona nukta.
Nukta huja moja moja, hafifu,
na nyingine, najua,
huja na kuondoka sina habari.

Nyumbani nina kipimo changu.
Usiku usio na mwezi tunapanda mawe, Mama na mimi,
tunahesabu karabai za wavuvi wa dagaa
(siku hizi ni taa za sola, Mama hajabadili neno).
Yeye: thelathini na moja.
Mimi: ishirini na nane.
Hunyanyua kidole, taratibu,
hunipeleka mpaka kwa zile tatu zilizonitoroka.
Ah. Hizo.
Naziongeza, hesabu inakaa sawa.
Juzi moja nilimwonyesha mimi.
Alinyamaza kitambo.

Jana mwezi ulikuwa mpevu.
Dagaa hawafuati taa ziwa likiwa jeupe,
wavuvi wamelala kwao.
Tulipanda hata hivyo.
"Ngapi?"
"Hakuna."
"Hata mimi hakuna," akasema,
tukacheka mpaka mbwa wa jirani akabweka.

Kisha akanikumbusha matone,
yale ya saa tatu,
ndani ya mtungi, pembeni ya kata,
yanakokaa yapate ubaridi.