Beba Polepole

Bendi yetu ilizaliwa stoo,
nyuma ya madhabahu, Mikindani,
kati ya mabawa ya malaika wa Krismasi iliyopita
na kreti tupu za soda za harusi ya mtu.
Tulikuwa watatu. Watatu na gitaa
la nyuzi nne, la marehemu Nzai.

Mbeyu, dadake, hakutaka tununue mbili zilizokatika.
"Alizikata mwenyewe," akasema. "Ziacheni."
Tukaziacha. Mwadime akajifunza
kuutafuta wimbo kwa kuuzunguka,
kama mtu akijuaye chumba gizani
na pale palipotolewa kitanda.

Mimi nilipiga sanduku.
Baba alilitoa bandarini, mbao nyembamba,
limechorwa glasi, na mshale unaotazama juu,
na chini yake maandishi ya Kichina yaliyofifia.
Hatukujua yasema nini.
Glasi tuliijua.
"Beba polepole," Mbeyu akasoma, kidole juu ya mchoro,
nasi tukawa na jina
kabla ya kuwa na wimbo hata mmoja.

Spika tulinyimwa. Mzee Mwambingu wa mali za kanisa
aliutia ufunguo ndani ya soksi, tukimwona, akauliza:
"Hizi nyimbo zenu, mbona hazina haleluya?"
Ipo, mzee, Mwadime akajibu, ubeti wa tatu,
inatamkwa kwa sauti ya mtu aliyeamka na homa.
"Na hayo meusi, na joto hili?"
Mtindo, mzee. Huitwa emo.
"Emo ni nani?"

Meusi, kweli. Januari ya Mombasa,
fulana zikichora chumvi mgongoni,
ramani za nchi zisizo na mtu.
Huko mtindo ulikotoka, vijana huficha jicho kwa nywele;
zetu haziangukii uso, zinapanda.
Basi tukapaka wanja, ule wa nyanyake Mbeyu,
anaowapaka wachanga wasipatwe na jicho.
Tukatoka jasho. Wanja ukatiririka.
Hatukuhitaji kuigiza.

Sasa niseme kilichotuleta.
Siku tuliyomzika Nzai, waliimba furaha.
Kinanda kiliongezwa, leso zikapepea,
mchungaji akatangaza ushindi, ushindi,
na mamake Nzai akashikwa makwapa
ili naye aruke.
Nilimwona Mbeyu akipiga makofi.
Mikono ilipiga. Yeye hakuwepo.
Baadaye, penye ndoo za kunawia, akaniuliza:
kwani Mungu
husikia sauti za juu peke yake?

Miezi minane sikuwa na jibu.
Nikaleta sanduku.

Jumapili ya vijana tukapewa dakika nne,
baada ya matangazo, kabla ya sadaka,
wakati ule watu wanapokwenda msalani.
Mtoto wa mtu analia. Feni inakwaruza.
Mbeyu akaimba akitazama viatu vyake,
habari za shati lililobaki kambani,
ambalo mama hulianua, hulifua,
hulianika tena.
Hilo tu. Shati.
Ubeti wa tatu, haleluya, moja, kama tulivyoahidi,
ikavunjika katikati
na hakuna aliyejifanya hakusikia.

Hawakupiga makofi.
"Tumekwisha," Mwadime akaninong'oneza.
Mchungaji akashika maiki, akakohoa, akairudisha.
Wahudumu wakasahau vikapu.

Nje, nimelikumbatia sanduku kwa mikono miwili,
mamake Nzai akanifuata hadi kwenye lango.
"Lile shati," akasema.
"Kumbe huwa ananiona."
Sikujua niweke wapi macho yangu, na wanja ule.
Akaligonga sanduku mara moja, kwa kifundo cha kidole,
akainamisha sikio kidogo.

"Jumanne," akasema, "mnaanza saa ngapi?"