Mizani ya Nyakalengija

Langoni mizani inaning'inia kwenye boriti,
ndoana yake imepinda
kama kidole kilichovunjika kikapona vibaya.
Mzigo unapanda. Sindano inatetemeka, inatulia:
ishirini na tatu na nusu.
Karani anaandika jina langu, Mbambu.
Mgeni wangu simjui jina, namjua kwa begi lake:
kushoto vitu vigumu, kulia nguo,
na katikati kitu kinachogonga kila nikikanyaga,
ko, ko, siku saba,
na mpaka leo sijui ni nini.

Nyabitaba tulifika na jua.
Baada ya hapo mlima ukafunga mlango nyuma yetu
na mvua ikaanza kutoka chini.

Bigo si njia, Bigo ni ubishi:
unaweka mguu, tope linauliza, unajibu,
unaunyofoa, gambuti inabaki na hoja yake.
Wanaume wanaruka kichuguu cha nyasi hadi kichuguu cha nyasi,
mimi nyuma yao, kamba ya mzigo kwenye paji la uso,
nahesabu visigino.
Mgeni anauliza: Bado mbali?
Nasema: Karibu.
Neno hilo nimelibeba miaka tisa
na halijawahi kupimwa langoni.

Bujuku. Moshi chini ya mwamba, posho, maharagwe,
nguo zangu zinakaushwa na mwili wangu.
Namfikiria Nzanzu, yuko darasa la nne.
Mwalimu kawaambia nzururu inaisha mlimani,
anayebisha alete ushahidi.
Akabisha yeye, mrithi wa ulimi wa baba yake,
kisha akanigeukia mimi,
maana ninayepanda ni mimi.

Elena ndio mwisho wangu.
Saa tisa usiku wageni wanavaa meno ya chuma viatuni,
wanaondoka na taa zao vichwani,
sisi tunabaki na masufuria.
Barafu naijua kama unavyomjua jirani wa ukuta mmoja:
uso wake sijauona kwa karibu,
ila usiku namsikia anakohoa.

Adhuhuri Masereka akarudi, midomo imepasuka,
akanitolea mfukoni bonge moja, limefungwa kwenye soksi.
"Mwaka nilioanza kuongoza watu," akasema,
"ulikuwa unainua mguu tu, umeshaikanyaga.
Siku hizi tunaishukia kwa ngazi."
Nikamwaga chai kwenye chupa yangu
(na chai ile ilikuwa na sukari)
nikamtia mgeni wa Nzanzu ndani, nikakaza kifuniko.

Kutoka hapo nilishuka na wagongaji wawili.
Begini, ko. Chupani, ko.
Kitandara wakajibizana juu ya maji meusi,
penye magogo ya utelezi wakapigana,
chini ya miti yenye ndevu wakapatana tena.
Nilitembea katikati yao kama mama mkwe,
sisemi, nasikiliza.

Siku ya mwisho, mbele kidogo ya Nyabitaba,
chupa ikanyamaza.
Niliitikisa. Nilipiga hatua kubwa makusudi.
Begi peke yake, ko.

Kijana alikuwa langoni na sare ya shule, vifungo vimekosea matundu.
Akafungua, akachungulia, akanusa.
"Mama, haya ni maji."
"Ndiyo."
"Maji yapo bombani."
"Yapo."

Akaitundika chupa kwenye ndoana.
Sindano haikujali. Karani akacheka:
mizani ile ni ya magunia, haioni vitu vya watoto.
Nzanzu hakucheka. Alitoa daftari, akalamba ncha ya penseli.
"Ilipokuwa barafu, ilikuwaje?"

Nikatafuta la kusema. Rangi yake sikuitazama vizuri,
nilikuwa na haraka ya kufunga kifuniko.
"Ilikuwa inagonga," nikasema.
"Inagongaje?"
Nikamgongea kwenye boriti kwa kifundo cha kidole.

Akainama, akaandika polepole, kwa herufi kubwa:
KO.
Kisha akauliza kama ni moja au mbili.